Masikio, Pua na Koo: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Kliniki

Maswali haya ni yale yanayorudi kila wiki kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, na mengine hutufikia kwa simu usiku mtoto akiwa analia. Yamejibiwa kwa mazingira ya Tanzania, lakini msomaji wa Mombasa, Kampala au Bukavu hatapata tabu kuyatumia. Kusoma hapa hakuchukui nafasi ya kuonwa na tabibu. Kutakusaidia kujua lini usubiri nyumbani na lini uondoke saa hiyo hiyo.

Mwanangu anatoka usaha sikioni. Bibi yake anasema ni kawaida ya watoto, utakauka wenyewe. Tusubiri?

Msisubiri. Usaha sikioni ni ugonjwa hata kama mtoto anacheza na kula vizuri. Katika maswali yote ya ukurasa huu, hili ndilo ambalo ningependa kila mzazi alijibu sawasawa.

Mara nyingi huanza na mafua. Kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo vijidudu vya mafua hupanda kwa urahisi. Usaha hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto anapata homa na kulia usiku kucha, kisha ngoma inatoboka. Ikishatoboka usaha unatoka na maumivu yanapoa. Hapo ndipo wazazi wengi hudhani mtoto amepona, kumbe ndiyo kwanza tundu limefunguka.

Usaha ukiwa haujafikisha siku 14, kwa kawaida mtoto hupewa amoksilini ya kunywa kwa siku 5 na sikio hukaushwa kwa utambi. Ukiwa umefikisha siku 14 au zaidi, dawa ya kunywa haisaidii sana. Kinachotibu ni kukausha sikio na kuweka matone ya antibayotiki ya sikio, kama siprofloksasini, mara 3 kwa siku kwa wiki 2. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba matone bila kukausha ni kazi bure: dawa huelea juu ya usaha na haifiki inakotakiwa.

Sikio lililoachwa miaka likitoka usaha hupoteza usikivu taratibu. Mtoto anaitwa mkaidi shuleni, anachapwa, anarudia darasa, na kumbe hasikii mwalimu anachosema. Usaha unaweza pia kula mfupa ulio nyuma ya sikio, kupooza upande mmoja wa uso, au kupenya hadi kwenye ubongo. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma sikio mbele, au mtoto mwenye usaha ameanza kutapika, kulalamika kichwa kinauma sana, kukaza shingo au kusinzia kusiko kwa kawaida, nenda hospitali sasa hivi. Na usaha wenye harufu kali unaorudi kila baada ya dawa unahitaji kuonwa na daktari bingwa. Wakati mwingine ndani ya sikio kuna ngozi iliyoota mahali pasipo pake, inayotafuna mifupa midogo ya kusikia, na hiyo huondolewa kwa upasuaji.

Utambi wa kukausha sikio unatengenezwaje?

Chukua kipande cha kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, au karatasi laini lakini imara, isiyochanika ikilowa. Kizungushe kwa vidole mpaka kiwe na ncha nyembamba. Osha mikono. Mpakate mtoto, kichwa chake kiegemee kifua chako, vuta sikio taratibu kwa nyuma ili njia inyooke, kisha ingiza utambi na uuache hapo mpaka ulowe. Utoe, utupe, ingiza mwingine. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Baada ya hapo mlaze kwa ubavu, sikio bovu likiwa juu, weka matone, na umwache hivyo dakika chache.

Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Usitumie njiti ya kiberiti wala kijiti kigumu, na usiliache pamba likae limeziba sikio kutwa nzima, kwa sababu sikio lenye usaha linataka hewa. Mtoto asiogelee mpaka sikio lipone. Akioga, ziba kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya mgando, kisha uitoe.

Maziwa ya mama, kitunguu saumu, mafuta ya moto, mkojo: kimojawapo si kinasaidia?

Hapana, hata kimoja. Maziwa na mkojo hulisha vijidudu. Kitunguu saumu huunguza ngozi laini ya ndani. Mafuta ya moto, na mafuta ya taa ambayo bado tunakutana nayo, huunguza ngoma yenyewe. Sikio linalouma bila usaha lipewe dawa ya maumivu ya kunywa, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na lionwe kesho yake. Mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye homa na anayeshikashika sikio asivushwe siku ya pili bila kuonwa.

Nta ya sikio nitoe na nini?

Na chochote usitoe. Nta ni kinga ya sikio na hutoka yenyewe kwa mwendo wa taya unapotafuna na kuongea. Vijiti vya pamba, unyoya wa kuku, ufunguo wa pikipiki na kofia ya kalamu huisukuma ndani mpaka inagandamana na kuziba. Ikikuzibia, weka matone machache ya mafuta ya zeituni yasiyo ya moto, au gliserini, mara mbili kwa siku kwa siku 3 hadi 5, mradi huna historia ya usaha wala ngoma iliyotoboka. Isipolegea, kliniki tutaivuta nta hiyo au kulisafisha sikio kwa maji vuguvugu, kazi ya dakika chache.

Mtoto ameingiza kitu sikioni au puani. Nifanyeje kabla ya kufika hospitali?

Swali la kwanza kujiuliza ni kitu gani. Kama kuna uwezekano wowote kwamba ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya mwanasesere, acha kila kitu uende hospitali. Betri hiyo ikigusa unyevunyevu huanza kuunguza nyama ndani ya saa 2, na inaweza kutoboa ukuta wa katikati ya pua au koromeo. Usiweke maji wala matone.

Mdudu hai sikioni anatia wazimu kwa kelele. Kama sikio lilikuwa zima, mimina mafuta ya kula yasiyo na joto, mdudu afe kwanza, kisha aje atolewe. Harage, punje ya hindi au mbegu nyingine usiiwekee maji, itavimba na kubana zaidi. Shanga na vipande vya plastiki huvumilia mpaka kesho asubuhi mradi usivichokonoe. Watoto wengi tunaowapeleka chumba cha upasuaji kwa jambo hili hawakuhitaji kufika huko. Walifikishwa huko na kibano cha nyumbani kilichosukuma shanga mpaka ndani kabisa.

Kwa kitu cha puani kuna njia moja ambayo sisi wenyewe huwaomba wazazi wajaribu mbele yetu. Mama anamwambia mtoto anataka kumbusu, anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto ukiwa wazi na kuuziba vizuri, anabana kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, kisha anapuliza pumzi moja fupi ya nguvu. Mara nyingi kitu hutoka au husogea mbele kikaonekana. Kisipotoka tunaendelea na vifaa.

Mtoto anayetoa kamasi lenye harufu mbaya kwa tundu moja tu la pua, tafadhali aangaliwe. Kuna kitu humo, hata kama hakuna aliyemwona akiingiza.

Na akipaliwa na karanga?

Akikohoa kwa nguvu na kulia, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe na umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Mwenye zaidi ya mwaka mmoja, kama bado, simama nyuma yake, zungusha mikono tumboni juu ya kitovu, ubinye kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usibonyeze tumbo. Mgeuze chali, kichwa kikiwa chini kidogo, na ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia kwa zamu, mtu mwingine akitafuta usafiri.

Kuna jambo la pili ambalo hupita bila kutambuliwa. Mtoto anapaliwa, anakohoa sana, kisha anatulia, na nyumba nzima inashukuru. Siku chache baadaye anaanza kikohozi au kukoroma kifuani, anatibiwa nimonia mara ya kwanza, mara ya pili, pumu, na haponi. Karanga imelala kwenye njia ya hewa. Ukimwambia tabibu “wiki mbili zilizopita alipaliwa”, umemfupishia safari yote. Usiwape karanga nzima watoto wa chini ya miaka 4 au 5.

Mtoto anakoroma, analala mdomo wazi. Tumeambiwa ana nyama za puani. Ni lazima akatwe?

Nyama hizo ni tezi za kinga zilizoko nyuma ya pua, kila mtoto anazo, na hunywea zenyewe kuelekea balehe. Zikivimba sana huziba njia ya hewa. Kukoroma wakati wa mafua peke yake hakuhitaji upasuaji, na wengine hupata nafuu kwa dawa ya kupulizia puani yenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, kwa wiki kadhaa.

Tunaanza kuzungumza upasuaji mtoto anapokoroma kila usiku na kuna nyakati pumzi inakatika, kimya, kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Watoto wa namna hii huamka wamechoka, husinzia darasani au hukosa utulivu, wengine hurudia kukojoa kitandani, na ukuaji wao husuasua. Sababu nyingine ni masikio kujaa maji nyuma ya ngoma kwa miezi 3 au zaidi, mtoto akawa hasikii vizuri. Mzazi, mrekodi akiwa usingizini kwa simu yako, dakika mbili zinatosha. Video hiyo hutusaidia kuliko maelezo marefu.

Kwa watu wazima jambo ni tofauti. Wengi hujimulika na tochi kwenye kioo, wakaona kitu chekundu puani, wakaenda kwa mtu wa dawa za kuunguza. Kile wanachokiona mara nyingi ni sehemu ya kawaida ya pua, inayopasha joto hewa unayovuta. Ikichomwa kwa dawa kali hubaki makovu yanayoziba pua kweli, na hayo kuyatibu ni kazi ngumu.

Mafindofindo yanarudi kila mara. Nikate tonsili?

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni hiki: maambukizi makali 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au 3 kila mwaka kwa miaka 3. Chini ya hapo faida ya upasuaji ni ndogo. Usaha uliojikusanya pembeni ya tonsili, tonsili zinazozuia pumzi usingizini, au tonsili moja iliyokua kuliko nyenzake kwa mtu mzima, hizo ni sababu nyingine za kuonana na bingwa.

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi na huisha ndani ya wiki moja kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi ya kusukutua na dawa ya maumivu. Ukiwa na mafua, kikohozi na sauti imekauka, antibayotiki haina la kufanya, na vidonge vya rangi mbili viwili vitatu vya dukani havitibu kitu zaidi ya kuzoesha vijidudu dawa.

Lakini kuna koo moja la kuliogopa. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa, koo jekundu lenye madoa meupe, tezi za shingo zinazouma, na hana kikohozi wala mafua, huenda ana bakteria wa streptokoka. Huyo apate penisilini au amoksilini na amalize siku 10 zote hata akipona siku ya tatu. Maambukizi hayo yasipotibiwa, mwili wa baadhi ya watoto huanza kushambulia vali za moyo wao wenyewe. Wako vijana wanaobadilishiwa vali Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ambao safari yao ilianzia kwenye koo.

Mtoto anakohoa hakomi. Jirani ametuelekeza kwa mkata vimeo. Je, kimeo kinasababisha kikohozi?

Hakisababishi. Kimeo, yaani kidaka tonge, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na kila binadamu anacho. Kinasaidia kuziba njia ya pua unapomeza na kutamka baadhi ya sauti. Mtoto anapokohoa huvimba kidogo kwa sababu koo lote limevimba. Ukimulika utakiona kirefu, na hapo ndipo kinapobebeshwa lawama.

Naelewa kabisa mama anafikaje huko. Amekwenda zahanati mara kadhaa, dawa ya kikohozi haijasaidia, mtoto anatapika kila akikohoa, na mtu anayeheshimika mtaani anamhakikishia kuwa mtoto wake alipona hivyo. Simlaumu. Lakini nimewaona watoto baada ya kukatwa. Wanakuja weupe kwa kutokwa damu usiku mzima, wengine na maambukizi yaliyoshuka shingoni, na kifaa kilichotumika kimepita kwenye vinywa vya watoto wengine, kwa hiyo pepopunda na virusi vya Ukimwi haviko mbali. Wengine hawafiki. Na kikohozi, kwa waliopona kidonda, mara nyingi kinabaki palepale kwa sababu chanzo chake hakikuguswa: pumu, nimonia, kifua kikuu, kifaduro, mzio, au ile karanga.

Kikohozi kikizidi wiki 2, mwombe tabibu mtoto apimwe kifua kikuu na asikilizwe kifua kwa makini. Kama zahanati haina uwezo, omba rufaa. Ni haki yako kuomba.

Na kama mtoto ameshakatwa, njoo tu. Hatutakugombeza. Damu ikiendelea kutoka, akishindwa kumeza au akipata homa, usingoje kupambazuke.

Damu inatoka puani. Niinue kichwa juu?

Usiinue. Ukiinua, damu hushuka tumboni, unatapika, na hujui umepoteza kiasi gani. Kaa, inama mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada. Pumua kwa mdomo, tema damu inayofika kooni. Bana dakika 10 hadi 15 kwa saa, bila kuachia kuchungulia, maana kila ukichungulia unaanza upya. Maji baridi usoni si mabaya ila hayachukui nafasi ya kubana.

Muhina wa watoto mara nyingi hutoka mbele ya ukuta wa kati wa pua, mahali vidole vinapofika, hasa hewa ikiwa kavu. Mpake mafuta ya mgando kidogo puani asubuhi na usiku, mkate kucha. Kwa mtu mzima pima presha, na mwambie tabibu kama unatumia aspirini au dawa za kuyeyusha damu. Damu isiyokoma baada ya kubana mara mbili, inayomiminika nyuma kooni, au inayofuatana na kizunguzungu, ni ya hospitali. Na mvulana wa umri wa kubalehe anayetokwa damu nyingi mara kwa mara huku tundu moja limeziba anatakiwa aonwe na bingwa kabla mtu yeyote hajamkata nyama humo. Kuna uvimbe wenye mishipa mingi unaowapata vijana wa kiume, na ukiguswa ovyo huvuja damu ya kutisha.

Mafua yangu hayaishi. Ni sainasi?

Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Yakizidi 10 bila nafuu, au yakipoa kisha yakarudi kwa ukali na homa, uso unauma na kamasi ni zito, huenda bakteria wameingia kwenye vyumba vya hewa vya usoni. Chafya za mfululizo asubuhi, macho na pua kuwasha, kamasi jepesi kama maji, huo ni mzio. Vumbi la godoro, moshi wa kuni, paka na poda huwa miongoni mwa wachokozi.

Kwa hali zote mbili, kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka vuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha mililita 250. Inama juu ya beseni, sukuma maji taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano kupitia tundu moja, yatoke lingine. Maji ambayo hayajachemshwa usiyatumie puani, yanaweza kubeba amiba hatari.

Matone ya kufungua pua yanayouzwa dukani, kama oksimetazolini, yasizidi siku 5. Yakizidi, pua hufunga kila dawa inapoisha nguvu, unaweka tena, na unaweza kuishi hivyo miaka. Ukiwa umeshafika huko, njoo, kuna namna ya kuachishwa.

Mwiba wa samaki umekwama. Nimeze tonge la ugali?

Acha. Tonge, ndizi na wali husukuma mwiba uchimbe zaidi. Wenye bahati waliopona wanasimulia, na hadithi zao zimejaa mtaani. Kama mwiba upo kwenye tonsili tunautoa kwa koleo huku umekaa kitini. Ukiwa chini zaidi tunatumia kamera. Ukishindwa kumeza mate, ukitema damu, ukipata homa, shingo kuvimba au maumivu ya kifua, ni dharura. Picha ya eksirei ikiwa safi haimaanishi hakuna mwiba, maana miiba ya samaki wengi haionekani vizuri humo.

Sauti imekauka wiki kadhaa. Ni kuongea sana tu?

Walimu, wahubiri, makondakta na wauza mitumba huumiza nyuzi za sauti kwa kweli, na dawa yao kubwa ni kupumzisha sauti na kunywa maji. Kunong'ona si kupumzika, kunachosha nyuzi vilevile. Kiungulia cha usiku nacho hukausha sauti.

Lakini sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3, hasa kwa mvutaji sigara au mnywaji wa pombe kali, ni lazima koo liangaliwe kwa kamera. Saratani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, huanza kwa dalili hiyo moja, na ikikamatwa hapo hutibika vizuri mno. Nasikitika kila ninapompokea mtu aliyebadilisha dawa za kikohozi mwaka mzima, akaja pumzi imeanza kubana. Mtoto mdogo ambaye sauti yake inazidi kukauka na anapumua kwa mlio naye aonwe haraka, huenda ana vinyama kwenye zoloto.

Nina uvimbe shingoni hauumi. Nisubiri?

Uvimbe unaofuata koo au jino bovu hunywea ndani ya wiki 2 au 3. Usionywea upimwe. Kwetu kifua kikuu cha tezi ni cha kawaida, na kinapona kwa dawa za miezi 6 zinazotolewa bure. Nyingine ni rovu, na nyingine ni saratani iliyoanzia kinywani, kooni au nyuma ya pua. Mtu mzima mwenye uvimbe shingoni, pua iliyoziba upande mmoja na kutoa kamasi la damu, na sikio moja lisilosikia, asiambiwe ni mafua. Kipimo cha kuanzia huwa ni kuvuta chembe kwa sindano nyembamba. Haisambazi saratani, ingawa wengi huikimbia kwa hofu hiyo.

Kizunguzungu kila nikigeuka kitandani ni presha?

Kikidumu chini ya dakika moja na kikaja tu unapogeuza kichwa, mara nyingi ni chembe ndogo za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio. Hutibiwa kwa kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu juu ya kitanda cha kliniki. Kizunguzungu chenye mdomo kupinda, ulimi mzito au mkono kukosa nguvu ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine.

Nimeamka sikio moja halisikii kabisa.

Hii ni dharura, ingawa haiumi. Ikiwa si nta, neva ya kusikia imeathirika, na dawa za steroidi husaidia zaidi zikianza siku za mwanzo. Baada ya wiki kadhaa nafasi hupotea. Fika kliniki leo.

Mtoto ana mwaka na nusu hasemi neno. Wanasema baba yake naye alichelewa.

Huenda kweli alichelewa, ila apimwe kwanza. Mtoto asiyeshtuka mlango ukibamizwa, asiyegeuka akiitwa jina kwa nyuma, au asiyesema neno lenye maana akiwa na miezi 18, anahitaji kipimo cha usikivu. Hakiumi. Kifaa kidogo huwekwa sikioni akiwa amelala na husoma jinsi sikio linavyoitikia sauti. Waliozaliwa njiti, waliopata manjano kali, homa ya uti wa mgongo au sindano nyingi za jentamaisini wapimwe hata kama hakuna shaka. Ubongo hujifunza lugha kwa kasi miaka ya mwanzo, na mwaka mmoja wa kusubiri ni mrefu kwake.

Wengi hufaa kwa shimesikio, yaani vifaa vya kusaidia kusikia. Wachache ambao hazitoshi hupandikizwa kifaa ndani ya sikio, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2017. Familia nyingine huchagua Lugha ya Alama tangu mapema, na mtoto anayekua na lugha ya alama anakua na lugha kamili. Kinachomuumiza mtoto ni kukaa bila lugha yoyote. Kwa kinga, chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na 18, na ile ya nimonia ya wiki 6, 10 na 14, zinalinda masikio pia.

Nikifika kliniki nitafanyiwa nini, na nianzie wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mambo mengi ya hapo juu huishia huko. Lisipowezekana, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, au ya kanda kama KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza au ile ya Mbeya.

Kwa bingwa, maswali yatachukua muda kuliko vipimo. Sikio litaangaliwa kwa otoskopu, kidude chenye taa na lenzi. Uma wa chuma unaotoa mlio utagongwa na kuwekwa pembeni ya sikio, kisha kwenye mfupa wa nyuma yake na katikati ya paji la uso, na utaulizwa wapi unasikia zaidi. Kwa hilo pekee tunaweza kutofautisha sikio lililoziba na neva iliyochoka. Kamera nyembamba ya puani husumbua kidogo, dawa ya ganzi hupuliziwa kwanza. Kipimo cha CT hakihitajiki kwa kila mafua, hivyo usione umedharauliwa ukikikosa.

Njoo na dawa zote ulizotumia, pamoja na za kienyeji, kwenye mfuko mmoja, hata chupa tupu. Andika tarehe tatizo lilipoanza. Usilisafishe sikio siku hiyo wala usiweke matone asubuhi, tunataka kuliona lilivyo. Mtoto aje na kadi yake ya kliniki na mtu anayelala naye chumba kimoja, maana huyo ndiye anayejua anavyokoroma.